Jicho Lililosema "Kitarudi"

Kitambaa kilisimama chini ya taa, na jicho la pili likasema neno lake: "Kitarudi."

Sauti ilikuwa ya chini, isiyo na hasira wala furaha, kama ya mtu anayetabiri mvua. Mikono ya chuma iliyokuwa ikipokea khanga kutoka kwenye mashine ya kuchapia ikatulia hewani. Wanawake wa meza ya kukunjia waliinua vichwa.

"Wifi kanuna tena," akasema mmoja wao.

"Mwache anune. Wifi asiyenuna ana lake jambo."

Kicheko kikapita mezani. Dk. Mwantumu Shekalaghe, aliyekuwa amesimama kando ya mtambo, hakucheka, ingawa alitaka. Chuo kikuu kilikuwa kimemtuma Tanga, kwenye kiwanda cha khanga cha Mabokweni, aamue jambo moja: kati ya macho mawili yaliyofungwa pale kwa majaribio, lipi libaki na lipi liondoke. Muda wa majaribio ulikuwa unakaribia ukingoni. Hadi atakapotamka uamuzi wake, khanga yoyote iliyosimamishwa na jicho ingeweza kupita kwa kiganja chake tu, akikiweka juu ya kioo kidogo kilichokuwa ubavuni mwa mtambo.

Wafanyakazi walikuwa wameyapa macho hayo majina kabla yeye hajayapa namba. La kwanza waliliita Karani. Lilikuwa jicho sahili: lilipewa kiolezo cha kila khanga, likakilinganisha na kitambaa kilichopita mbele yake, nukta kwa nukta, na lilipokataa lilitaja sababu bila kuombwa. Pindo limesogea. Nyekundu imefifia upande wa kulia. Halikujua khanga ni nini. Lingepewa kiolezo cha gunia, lingelilinda gunia kwa uaminifu uleule.

La pili waliliita Wifi, kwa kuwa lilitoa kasoro kwa kila kitu na halikueleza. Jicho hili halikupewa kiolezo chochote. Lilionyeshwa khanga, maelfu kwa maelfu. Kila khanga ya Mabokweni ilifumwa na uzi mmoja wa kumbukumbu ndani ya pindo, na lango la kiwanda liliutambua uzi huo kitambaa kilipopita. Hivyo kiwanda kilijua kwa yakini ni khanga zipi zilitoka zikaenda zao, na zipi zilirudishwa na wateja. Zilizorudi zilihifadhiwa ghalani. Waundaji wa jicho walilionyesha makundi yote mawili, wakaliambia: hizi zilirudi, hizi hazikurudi, tafuta tofauti. Hakuna aliyeliambia kosa ni nini. Lilijitafutia lenyewe. Na lilipomaliza kujifunza, msamiati wake wote ulikuwa maneno mawili: kitarudi, hakitarudi.

Wiki ya kwanza Dk. Mwantumu aliandika katika taarifa yake kwamba jicho hilo "lilisema". Wiki ya pili alijikuta ameandika "alisema". Aliitazama ngeli ile kwa muda, kama mtu anayetazama mlango alioupita bila kubisha hodi, kisha akaiacha.

Maana Wifi alikuwa wa ajabu. Aliona nyuzi zilizolegea kabla hazijakatika. Aliona wino ambao ungechujuka kwa maji ya tatu, ingawa siku hiyo ulikuwa unang'aa. Wakati mmoja alikataa mzigo mzima wa khanga ambazo Karani alizipitisha na mafundi wote wakaapa kwamba ni safi. Zilipofuliwa kwa majaribio, manjano yote ikageuka rangi ya maji ya kuoshea mchele. Dk. Mwantumu alikuwa amefundisha uoni wa mashine nusu ya maisha yake, lakini siku ile alisimama mbele ya lenzi ile ndogo, yenye ukubwa wa kokwa la tende, akahisi alichowahi kuhisi utotoni alipomwona mtu akisoma Kiarabu kwa mara ya kwanza: kwamba alama zilezile alizoziona yeye, mwingine alikuwa anazisikia.

"Kaona nini safari hii?" Sauti ilikuwa ya Bwana Hizza Kihiyo, meneja wa kiwanda. Alikuja kwa mwendo wa haraka, miwani imepanda kwenye paji la uso.

Alikiinamia kitambaa. Rangi ilikuwa shwari. Mji, ile nafasi ya kati, ulikuwa na tawi moja la mdalasini lililochorwa kwa wino wa kahawia. Pindo lilikuwa jeusi, limenyooka. Kisha akasoma jina, yaani yale maneno ya khanga yanayokaa juu ya pindo la chini, na uso wake ukabadilika.

"Wema wa mama haufai," akasoma kwa sauti. "Astaghafirullahi. Hii si ile oda ya Muheza? Ya arobaini?"

Ndiyo ilikuwa ile. Siku hizi kiwanda hakikuchapa tena khanga kwa majora tu. Mtu aliweza kuagiza doti yake moja, kwa jina lake mwenyewe, akaandika maneno kwenye simu, na jioni akaipokea kwa treni. Mteja huyu aliitwa Bi Saumu. Mama yake alikuwa amefariki, na hitima ya arobaini ilikuwa Ijumaa.

"Alitaka kuandika 'haufi'," akasema Bwana Hizza. "Wema wa mama haufi. Kidole kimeteleza, kikaongeza a. Herufi moja, Daktari! Karani kaipitisha kwa sababu oda imeandikwa hivyo. Wifi kaisoma." Akalipigapiga boksi la lenzi kama mtu anayempongeza farasi. "Fikiria aibu ambayo ingempata yule mteja mbele ya watu. Futeni hiyo a. Chapeni pande zote mbili upya."

"Mpigieni mwenyewe kwanza," ikasema sauti kutoka dirishani.

Bi Mashavu Mbwana alikuwa mtunga majina wa kiwanda. Maneno mengi yaliyotembea migongoni mwa wanawake kuanzia Lushoto hadi Lindi yalikuwa yametoka katika kichwa chake, na hakuwa mtu wa kuficha hilo. Alikuwa ameketi na kikombe chake cha kahawa chungu, akimtazama meneja kana kwamba ni ubeti uliopungua mizani.

"Nimpigie niseme nini, Bi Mashavu? Pole kwa msiba, eti ulikusudia kumtukana marehemu mama yako? Naona haya, uso huo nitautoa wapi?"

"Haya unayo nyingi. Akili ya kuuliza ndiyo umeikopesha mashine."

Meza ya kukunjia ikanguruma. Bwana Hizza naye akacheka, kwani walikuwa wamezoeana, lakini amri yake haikubadilika. Na Dk. Mwantumu, ambaye neno lake lingeweza kuibadilisha, aliiacha ipite. Aliona kwamba meneja amesema kweli. Kumuuliza mfiwa swali kama lile lilikuwa jambo lisilosemeka. Wifi alikuwa amewaokoa wasilazimike kulisema.

*

Ni mchana, alipokuwa akitayarisha maelezo ya tukio lile, ndipo swali lilipomjia. Wifi hakujifunza sarufi. Hakujifunza tahajia. Alijifunza khanga zilizorudi. Basi alijuaje?

Alikwenda ghalani. Khanga zilizorudishwa zilikuwa zimepangwa kwenye rafu hadi darini, na hewa ya mle ilikuwa na harufu ya pamba kongwe na udi wa nyumba za watu. Akazikunjua moja moja juu ya meza, akitafuta makosa. Aliyapata mengi: pindo lililopinda, rangi iliyochujuka. Lakini kadiri alivyoendelea alikutana na khanga nyingine, nzima, nzuri, zisizo na doa, na hakuelewa zilifuata nini ghalani.

Kisha akaanza kuyasoma majina yake.

*Hodi zako zimechosha mlango.* Ilirudishwa. *Chumvi ni yangu, mbona waonja wewe?* Ilirudishwa. *Kunyamaza kwangu usikuite ugonjwa.* Hiyo ilikuwa imerudishwa ikiwa bado haijakatwa wala kupindwa, na katika kona moja kulikuwa na alama ya kidole cha mtu aliyeishika kwa nguvu.

Akakaa kwenye kiti. Wateja walikuwa wamezirudisha, naam, lakini si kwa sababu ya wino. Mume alimnunulia mkewe bila kusoma. Jirani alitumiwa akaelewa. Mtu fulani alipokea maneno yale, yakamchoma, akakirudisha kitambaa kilikotoka kwa kuwa hakuweza kuyarudisha maneno. Na Wifi, aliyeambiwa atafute tofauti, alikuwa ameipata. Alijifunza wino unaochujuka, na alijifunza pia neno linaloumiza. Kwake yote mawili yalikuwa kitu kimoja.

Mtu hawezi kugundua jambo kama hilo bila kustaajabu. Dk. Mwantumu aliiweka mikono yake miwili juu ya khanga ile yenye alama ya kidole, na kwa dakika kadhaa hakuwa mhandisi wala mshauri. Hakuna aliyelifundisha jicho lile uchungu wa binadamu. Liliusoma lenyewe, kwenye pamba.

Aliporudi alimkuta Bi Mashavu palepale dirishani.

"Shikamoo, Bi Mashavu."

"Marahaba, mwanangu. Umetoka ghalani. Una vumbi la matusi yangu begani."

"Yako yote yale?"

"Yale makali ni yangu. Yale ya 'asante mama, karibu mgeni' yanatungwa na yeyote." Akanywa kahawa. "Tangu afungwe huyu Wifi, majina yangu yanarudi kwangu kabla ya kufika dukani. Nilidhani nimezeeka."

"Hujazeeka. Anajua kwamba yataumiza."

Bi Mashavu aligeuka kuitazama ile lenzi, na Dk. Mwantumu aliona usoni mwake kitu asichokitarajia. Ilikuwa heshima.

"Anajua?" akauliza taratibu. "Basi ndiye msomaji wangu wa kwanza wa kweli." Kisha akaitua kahawa. "Lakini sikiliza. Mwanamke akikerwa na mawifi zake, na mama mkwe yumo ndani, na mume yu upande wao, atasemea wapi? Akifungua mdomo kavunja nyumba. Akinyamaza kavunjika yeye. Ndipo anapojifunga khanga, anapita ua mzima, anawapa mgongo. Hakuna aliyesema kitu. Wote wamesikia. Sasa mkiweka mlangoni mtu wa kuzuia kila kinachouma, mtakuwa mmebakiza nini? Mapazia."

Dk. Mwantumu alikuwa amekwisha kuichukua simu.

*

Bwana Hizza alisimama karibu, mikono nyuma, doti mpya iliyosahihishwa ikiwa imekunjwa mezani mbele yake. Bi Mashavu alisogea. Simu iliwekwa juu ya meza ili wote wasikie.

"Asalaam alaikumu, Bi Saumu. Naitwa Mwantumu, niko Mabokweni, kiwandani. Poleni sana kwa msiba."

"Waalaikumu salaam. Tumeshapoa. Khanga yangu i tayari?"

"I tayari. Tulirekebisha jambo dogo. Tuliona kidole kimeteleza kwenye neno 'haufai', tukaona ulikusudia—"

"Nani kawaambia mfute a yangu?"

Bwana Hizza aliiteremsha miwani yake machoni.

"Bi Saumu, jina linasema wema wa mama haufai."

"Najua linavyosema, nimeandika kwa mkono wangu. Upande wa pili mmeusoma?"

Dk. Mwantumu alimtazama meneja. Meneja alimtazama Bi Mashavu. Bi Mashavu aliitazama ile doti mezani. Doti ni pande mbili, na tangu khanga iitwe khanga, upande wa pili hurudia wa kwanza. Hakuna mtu anayeusoma. Ni kama kusoma kivuli. Bwana Hizza alipotoa amri ya kuchapa upya, alichapisha neno lake sahihi pande zote mbili, na kwa kufanya hivyo alikifuta ambacho hakuwahi kukiona.

Dk. Mwantumu akaifungua oda ya asili. Upande wa pili ulikuwa na maneno mengine: *Kusahauliwa na wanawe.*

Bi Mashavu ndiye aliyeyaunganisha, midomo yake ikienda polepole. "Wema wa mama haufai... kusahauliwa na wanawe." Akaivua miwani. "Loo. Kaupasua mshororo katikati."

"Mimi na mdogo wangu Mwanamvua," ikasema sauti ya simu, sasa ikiwa ya chini zaidi, "mama alikuwa akinunua doti moja, anatukatia. Huyu upande, huyu upande. Hata siku moja hakununua mbili. Tumegombana wakati wa ugonjwa wake, nani alimuuguza, nani alikaa mbali, na makaburini tukasemana mbele ya watu. Tangu hapo hatujapeana hata salamu. Nimempelekea habari kwamba upande wake unakuja. Nikivaa wangu peke yangu, natukanwa mimi. Akivaa wake peke yake, anatukanwa yeye. Tukisimama pamoja, mama anasifiwa. Mmeelewa sasa a yangu inafanya kazi gani?"

Bwana Hizza alijifuta jasho. Lakini hakuwa mtu mwepesi, na swali lililofuata lilikuwa la haki.

"Bi Saumu, mimi ndiye meneja. Niwie radhi. Ila na mdogo wako asipokuja? Utasimama kwenye hitima ya mama yako na maneno yale mgongoni?"

"Nitasimama. Watu watanisema. Nimeshasemwa makubwa zaidi." Akapumua. "Ila nani asemwe, na asemwe kwa lipi, hiyo tangu lini imekuwa kazi ya kiwanda?"

Walichapa pande zile mbili kama zilivyoagizwa. Dk. Mwantumu alitaka kulitendea haki jicho lake. Hadi wakati ule Wifi alikuwa akiona upande mmoja mmoja, kadiri ulivyopita. Pengine alikosea kwa sababu hiyo tu. Akazitandaza zote mbili chini ya taa kwa pamoja, kushoto na kulia, sentensi nzima ikiwa wazi.

Wifi alichelewa. Hakuwahi kuchelewa kiasi kile. Wanawake wa mezani waliacha kukunja.

"Kitarudi," akasema.

"Umeona?" Bwana Hizza aliongea karibu kwa kunong'ona. "Kazisoma zote mbili. Anajua ni pamoja. Na bado. Huyu ameona khanga nyingi kuliko sisi sote tuliomo humu, Daktari. Ameona dada wangapi ambao hawakuja?"

Hilo ndilo lililomwogofya Dk. Mwantumu: kwamba meneja angeweza kuwa amesema kweli. Angekuwa anapingana na jicho pumbavu, kazi ingekuwa nyepesi. Jicho lile lilikuwa limebeba uzoefu wa majumba mengi mno, na kwa uzoefu huo lilikuwa linamwambia: maneno haya yatamuumiza mtu. Alikuwa na kiganja kimoja tu. Akikizuia, Bi Saumu atavaa sentensi nzima, salama, tamu, ambayo hakuiandika. Na upande wa Mwanamvua hautakuwa na sababu ya kumtafuta wa dada yake. Akikiweka, huenda Ijumaa mwanamke mmoja atasimama peke yake mbele ya ukoo wake, mgongoni mwake pameandikwa kwamba wema wa mama yake haufai.

Akakumbuka neno alilolisikia tangu utotoni bila kulifikiria: stara. Mtu wa stara si asiyeona. Anaona mlango ulioachwa wazi, anaona kilicho ndani, na anapita. Hapiti kwa kuwa macho yake ni hafifu. Anapita kwa kuwa yale si yake.

Akaweka kiganja juu ya kioo. Mikono ya chuma ikazunguka, ikaibeba doti, ikaondoka nayo.

*

Kesho yake alitoa uamuzi wake, na Bwana Hizza hakuupenda.

"Yaani unanipa jicho bora kuliko yote niliyowahi kuyaona, halafu unaliziba?"

"Silizibi. Nalifunika sehemu."

Macho yote mawili yangebaki. Karani angetazama jina peke yake, herufi kwa herufi, dhidi ya alivyoandika mteja. Hangekuwa na maoni. Wifi angetazama yote mengine: mji, pindo, uzi, wino, mambo ambayo ndani yake hapakuwa na mshindani wake duniani. Ila mbele ya lenzi yake fundi angefunga ukanda mwembamba wa bati, uliopimwa ukapimika, ili ile nafasi ya maneno isimfikie.

"Kwa nini bati?" akauliza Bwana Hizza. "Mwambie tu asisome."

"Hawezi kuambiwa. Kwake kuona na kusoma ni tendo moja. Huo ndio ukubwa wake." Dk. Mwantumu alisita. "Bwana Hizza, simfuniki kwa kuwa anaona vibaya. Angekuwa anaona vibaya, ningemrudisha alikotoka."

Fundi alipomaliza kukaza skrubu ya mwisho, mmoja wa wanawake wa mezani alisema, "Haya, Wifi kavishwa ukaya usoni," na mwingine akapiga kigelegele kifupi, kama kinachopigwa kwa bibi harusi. Bi Mashavu peke yake hakushangilia. Alikuwa amempoteza msomaji, na alilijua hilo.

Wala uamuzi ule haukukosa gharama. Jumatatu iliyofuata shangazi wawili wa bibi harusi waliingia kiwandani wakiwa na furushi la khanga za sare ya arusi, wakazikunjua mbele ya meneja. Jina lilikuwa limechapwa kwa herufi nzuri mno: *Mola aibariki ndoo hii.* Aliyeagiza alikosea herufi, na Karani, mwaminifu, alilinda kosa lake.

"Ukumbi mzima unatuuliza ndoo iko wapi," akasema shangazi mmoja. "Tumeitoa kwa mahari?"

Bi Mashavu alicheka hadi machozi yakamtoka, akaomba radhi, akacheka tena. Bwana Hizza hakucheka. Walipoondoka alimfuata Dk. Mwantumu ofisini.

"Wifi angelikamata hili."

"Angelikamata."

"Na bado unasema tumfunike."

"Bado. Tutampigia mteja pale tunapotia shaka. Tutaona haya, na tutauliza hivyohivyo."

Meneja aliguna. Ijumaa ilikuwa imekwisha kupita, na hakuna kati yao aliyekuwa amethubutu kuulizia habari za Muheza.

*

Waliambiwa na lango.

Ilikuwa asubuhi, treni ya kutoka Muheza ikiwa ndiyo kwanza imepita, na Dk. Mwantumu alikuwa anafungasha vifaa vyake. Taa ndogo iliwaka juu ya mtambo. Lango lilikuwa limeutambua uzi wa kumbukumbu. Kwenye kioo cha Wifi yakatokea maandishi yale yanayotokea kila khanga inaporejeshwa, yakisubiri mtu aandike jibu: *Kimerudi. Kosa gani?*

Akaisoma namba ya kitambaa. Ilikuwa doti ya Bi Saumu.

Alipotoka uani aliwakuta wanawake wawili wamesimama kwenye jua la asubuhi, mmoja mnene kidogo na mtulivu, mwingine mrefu aliyekuwa akitazama huku na huku kama mtu asiye na hakika kama ameruhusiwa kuwapo. Wote wawili walikuwa wamejifunga khanga ya mdalasini. Meza ya kukunjia ilikuwa imehamia mlangoni yote. Bwana Hizza alisimama nyuma yao, na Bi Mashavu, kikombe mkononi, alikuwa amejipenyeza hadi mbele.

"Ndiye yeye Daktari?" akauliza yule mtulivu. "Mie ndiye Saumu. Huyu ni mdogo wangu."

"Mmekuja kurudisha?" Dk. Mwantumu akauliza.

"Kurudisha nini?" Bi Saumu akashangaa. "Tumekuja kuwaonyesha."

"Basi geukeni tusome!" akasema Bi Mashavu.

Wakageuka, wakatoa migongo. Watu wakasoma. Kisha kicheko kikaanza upande wa meza ya kukunjia, kikasambaa, maana kwa kufuata walivyosimama migongo ilikuwa inasema: *Kusahauliwa na wanawe wema wa mama haufai.*

"Badilishaneni nafasi!" Bi Mashavu akapaza sauti. "Mkubwa kushoto! Mshororo umesimama kwa kichwa!"

Mwanamvua akacheka ghafla, akamshika dada yake kiunoni ili amzunguke, na wakakwama kidogo, kila mmoja akimpisha mwenziwe upande uleule, kama watu wanaokutana kwenye uchochoro. Walipotengemaa, mkono wake haukutoka kiunoni. Ulibaki pale, juu ya maneno, ukiziba herufi moja, ile a.

Hakuna aliyemwambia autoe.

Baada ya chai Dk. Mwantumu alirudi peke yake mbele ya mtambo. Au alidhani yuko peke yake, hadi aliposikia kikombe kikiwekwa dirishani. Maandishi yalikuwa bado yanasubiri. *Kimerudi. Kosa gani?*

"Alisema kweli," akasema. "Alisema kitarudi, na kimerudi."

"Wifi huwa hakosei," akajibu Bi Mashavu. "Ila huwa haelewi kaona nini." Akasogea, akakisoma kioo. "Utamwandikia nini?"

"Sijui. Nikiandika 'hakuna kosa', atafikiri alihesabu vibaya. Hakuhesabu vibaya. Hana neno la jambo hili."

"Mpe. Mwandikie: kimekuja kusalimia."

Dk. Mwantumu aliandika hivyo, kwa herufi zilezile. Jicho likapokea. Ndani ya boksi lile dogo, nyuma ya ukanda wake wa bati, mahali fulani ambapo hata waliolitengeneza wasingeweza kupaonyesha kwa kidole, kitu kilijipanga upya, au hakikujipanga. Taa ikazimika.

Mikono ya chuma ikaleta khanga nyingine, ya bluu, ya duka fulani la mbali, jina lake likiwa limesitirika. Wifi akaitazama yote aliyoruhusiwa kuitazama.

"Hakitarudi," akasema.

Na Dk. Mwantumu, ambaye tangu afike Mabokweni alikuwa amelisikia neno lile kama sifa, alijikuta amegeuka kukitazama kitambaa kikienda, kama mtu anayeaga.